Siga Tulizozilaza kwa Mama Kiirua

Kuna watu kwetu Kiirua mpaka leo wakiniona nimeshuka pale stendi wananiamkua kwa heshima zote, halafu wananiuliza kama bado ninatibu ng'ombe kwa ile dawa ya kuvuta, na wakishauliza hawacheki, wanangoja nijibu, na hapo aibu hunishika upya kana kwamba mambo yenyewe yalikuwa jana. Nimeona heri niwasimulie mwenyewe, maana hadithi hii ikipitia kwa wengine huongezwa mkia (wako wanaosema nilikula kinyesi cha ng'ombe mbele ya kanisa zima, na hilo si kweli, kilinirukia tu).

Mimi ni Kinoti, mtu wa Kiirua kwa kuzaliwa na wa Embu kwa kutafuta. Nina duka la agroveti Embu mjini, nauza dawa za minyoo, chumvi ya ng'ombe, mbegu na dawa za kupe, na jioni narudi mtaa wa Dallas kwenye nyumba ya kupanga ambako mke wangu Wawira hunitangulia kwa kila jambo isipokuwa kulala. Na nina rafiki mmoja, wakili aitwaye Nyaga, mtu mzuri sana ila ana ugonjwa wa kupenda vitu vya kifahari, na ugonjwa huo unaambukiza.

Nyaga alionja siga kwa mara ya kwanza kwenye harusi ya mteja wake tajiri, akarudi Embu kama mtu aliyeokoka. Siga, kwa asiyejua, ni zile sigara nene za kusokotwa kwa majani matupu ya tumbaku, unene wa kidole gumba, zenye kipete cha karatasi cha rangi. Basi kila Jumamosi alasiri akawa anatuita nyuma ya nyumba yake, mimi na Mutegi, ambaye anafundisha chuo kikuu, tunakaa kwenye viti vya plastiki chini ya mti wa makadamia naye anatufundisha kama wanafunzi wa darasa la kwanza: unakata ncha kidogo tu kwa kikatio chake cha chuma, unaipasha motoni polepole bila kuiunguza, unavuta moshi ukae mdomoni, haumezwi, unauzungusha kama mtu anayeonja mchuzi, unautoa, kidogo unaupitisha puani, ndipo unasema umeonja nini.

Hapo pa kusema ndipo paliponitisha. Nyaga alikuwa akisema kakao, Mutegi akisema ngozi ya viti vya gari jipya (Mutegi hajawahi kumiliki gari jipya, sijui alinusa la nani), na ilipofika zamu yangu nikafumba macho nikasema mimi nasikia ghala la mama yangu ukifungua mlango baada ya mvua, viazi, magunia na vumbi la ngano. Nilijua watanicheka mpaka kesho yake. Nyaga alivuta tena, akaufuata moshi kwa macho, akasema, "Kinoti, wewe una pua." Jamani, sifa ni kitu kibaya, maana tangu siku hiyo sikukosa Jumamosi hata moja, na dukani nikaanza kunusa magunia ya pumba mbele ya wateja.

Kitu kilichoniteka zaidi kilikuwa habari ya kuzilaza. Nyaga alitueleza kwamba siga ikiwa mbichi ina ukali fulani unaochoma pua kama zizi la mbuzi asubuhi, lakini ukiiweka mahali pa baridi, pasipokauka wala kulowa, ukaiacha miaka, ule ukali huondoka wenyewe, na ladha zilizokuwa zikipigana ndani yake hukaa chini pamoja kama ndugu waliochoka kugombania shamba. Nilipenda wazo hilo kuliko moshi wenyewe. Kazi yangu mimi ni ya haraka, mtu anaingia dukani akihema, ng'ombe amelala chini, kuku wanakufa, leta dawa upesi, na sasa nimepata kitu ambacho huwezi kukisaidia kwa lolote ila kukingoja. Nilikuwa nikirudi nyumbani nimetulia, na Wawira alikuwa akinipokea kwa kunielekeza bafuni kwa kidole.

Lazima pia niseme linaloniuma, msije mkadhani sikuwa na habari. Baba yangu alikufa kwa kifua. Alivuta sigara tangu ujana, zile za bei ya chini, na mwisho wake ulikuwa kukohoa na kukohoa kwenye kile chumba cha mbele, mama akimshikia beseni. Alipozikwa, mama aliokota vibiriti vyote vya nyumbani akavihamishia jikoni, akasema moto wa nyumba hii ni wa kupikia tu. Sasa mimi mtoto wa mtu huyo nimekaa chini ya makadamia nasema nasikia kakao. Nilijiambia siga si sigara, moshi haumezwi, ni kuonja tu kama chai, na mtu akitaka kujiambia kitu hakosi maneno.

Siku moja Nyaga akaja na shauri la kununua kasha zima kwa pamoja, la siga nzuri kutoka ng'ambo, tulilaze miaka kadhaa halafu tulifungue kwa sherehe. Tukachanga, kasha likaja, la mbao, limeandikwa maneno ambayo hata Mutegi na digrii zake hakuyasoma, na ukilifungua harufu inakupanda kichwani kama umeingia karakana ya seremala. Tatizo likawa mahali pa kulilaza. Embu kuna joto, nyumba yangu ya Dallas mchana bati linalia, kwa Nyaga kuna watoto wanaofungua kila kitu, na Mutegi anahama hama. "Ni nani ana kwao kwa baridi?" Nyaga akauliza, na wote wawili wakanigeukia.

Kwetu Kiirua baridi ni ya bure. Tukalitia kasha ndani ya lile sanduku la plastiki la kubebea soda za harusi, lenye kifuniko cha kubana, tukaweka na sponji ya kushika unyevu, nami nikalipeleka. Njia nzima nilikuwa nikitunga maneno ya kumwambia mama nikayaona yote hayafai. Nilipofika nilimkuta jikoni anamenya viazi, akafuta mikono, akanisalimu, akalitazama sanduku.

"Umebeba nini, mwana wakwa?"

Na mimi, mtu mzima, baba wa watoto, mwenye duka, nikasema, "Ni dawa ya ng'ombe, mama. Inataka baridi. Isiguswe, uinyunyizie tu hiyo sponji maji safi kidogo ikikauka."

Ni hivyo tu. Sentensi moja. Mama yangu si mjinga, tafadhali, ni mwenyekiti wa akina mama kanisani, na madalali wa viazi wanamwogopa kwa sababu gunia akiliinua anakuambia limepungua, lakini mtoto wake akisema jambo basi kwake limekwisha. Huwa anawaambia wenzake hivyo hivyo waziwazi, kwamba Mungu alimnyima vingi lakini alimpa mtoto asiyemdanganya, na wale akina mama wana watoto wao wanaowadanganya kila wiki, kwa hiyo neno hilo lina uzito pale kanisani. Akalichukua sanduku akaliweka ghalani juu ya ubao, akalifunika kwa kitambaa alichokifuma kwa mkono wake. Kila nilipokwenda nililiona pale, safi, limefunikwa, nikaridhika, sikulifungua kabisa kwa sababu Nyaga alikataza.

Miaka ikapita, minne hivi, Nyaga akatangaza kuwa siga zimeiva. Nikampigia mama simu nikamwambia, "Mama, Jumamosi nitakuja na wenzangu wawili kuangalia ile dawa." Mama akacheka kwa furaha kubwa, akasema, "Mje! Hata sisi tuko na maneno ya hiyo dawa." Nami nikakata simu bila kujiuliza "sisi" ni akina nani. Sikio langu lilikuwa limeshaanza kuonja.

Jumamosi tulipanda na gari la Nyaga. Nyaga alikuwa amevaa koti la sufu na kofia, kikatio chake kwenye mfuko mdogo wa ngozi, Mutegi na shati jeupe, na mimi nilivaa suti ya kanisani, kwa sababu mpango ulikuwa tulichukue kasha, tumsalimu mama, halafu twende mahali pazuri njiani tukae tuonje. Tulipokata kona ya kwetu nikaona ua mzima wa nyumbani umefungiwa ng'ombe. Ng'ombe wa kila rangi. Na ndani, viti vya kanisa vimepangwa, akina mama wamevaa vitambaa vya kichwa vya chama chao, na Mchungaji mwenyewe yuko mbele na Biblia.

"Kinoti," Nyaga aliniuliza polepole, "kuna matanga?"

Mama alinijia mbio akanishika mkono, akaanza kusema kwa Kiswahili ili wageni wangu wa Embu wasiachwe nyuma. "Karibuni, karibuni madaktari! Bwana asifiwe! Leo mtakunywa chai halafu mtasikia vile dawa yenu imefanya."

Kumbe mambo yalikuwa yamekwenda hivi, na niliyasikia nikiwa nimekaa kwenye kiti cha mbele, kikombe cha chai mkononi. Jumapili moja ng'ombe wa Mchungaji alilala chini, na maduka ya dawa yalikuwa yamefungwa. Mama akakumbuka dawa ya mwanawe. Akafungua kasha (alipoona maandishi ya kigeni na vile vipete vya rangi akajua hii si dawa ya kawaida), akakata kipande, akakiloweka kwenye maji ya uvuguvugu, wakamnywesha ng'ombe kwa chupa ya soda. Ng'ombe akasimama. Mimi nimeuza dawa miaka mingi na ninajua ng'ombe wengine husimama wenyewe wakichoka kulala, lakini wewe ungemwambia nani? Na kwetu mtu akiwa na kitu cha kusaidia jirani haruhusiwi kukikalia, na mama asingeweza kula na kulala huku dawa iko ghalani kwake na ng'ombe wa fulani anaumwa. Tangu hapo akawa anakata vipande. Kwa minyoo, kwa kupe, kwa kuku wenye viroboto. Mchungaji alisimama akathibitisha, akasema alishawahi hata kuhubiri juu ya dawa ile, jinsi mtoto aliyelelewa vizuri anavyowakumbuka watu wa kwao.

Nilimtazama Nyaga. Alikuwa ameelewa. Akaniinamia akanong'ona, "Zimebaki ngapi?"

Mama akalileta kasha kwa mikono miwili, akaliweka mezani juu ya kitambaa, akalifungua. Zilikuwa zimebaki tatu. Lakini harufu iliyotoka, jamani, siwezi kuwadanganya tena mimi, ilikuwa nzuri kupita kitu chochote tulichowahi kunusa kwa Nyaga. Ilikuwa imetulia. Ilikuja polepole, ya mbao, ya asali ya porini, na kitu kama udongo wa shamba jipya, na kwa muda mfupi tu nikasahau nilipo, nikafumba macho. Nilipoyafumbua, kanisa zima lilikuwa linanitazama.

"Mnaona?" mama akasema. "Hata yeye anaiombea."

Hapo ndipo akasimama Mama Karimi, mjane wa jirani yetu, ng'ombe wake ni mmoja tu na ndiye anayewasomesha watoto. Alisema ng'ombe alikula majani ya kabichi yenye umande asubuhi na sasa tumbo limefura upande wa kushoto kama ngoma, akaomba sisi madaktari tumsaidie. Mama akamshika bega. "Usilie. Leo mwenyewe yuko. Mimi nilikuwa nakata kidogo kidogo kwa sababu sijui kipimo, lakini leo tutampatia zote tatu apone kabisa." Akazichukua zote, akaenda kwenye sufuria ya maji ya moto iliyokuwa tayari.

Sasa nisikilizeni. Maji ya tumbaku tunayajua sote, wazee walikuwa wakiyanyunyiza kwenye kabichi kuua wadudu. Kidogo kinaua mdudu. Siga tatu nzima ndani ya ng'ombe aliyefura tayari, huyo ng'ombe angekufa mbele yetu, na angekufa kwa mkono wa mama yangu, na jina la mama pale Kiirua lingekufa naye. Nilisimama. Na kwa kuwa mwongo hukimbilia kichaka kile kile alichojificha jana, nikasema, "Mama, ngoja! Hiyo dawa ime-expire!"

Mama mmoja nyuma akapiga yowe. "Uuui! Ime-expire? Na tumewapea ng'ombe? Na tumekunywa maziwa!"

Watu wakasimama. Mwingine akasema mtoto wake aliharisha juzi, sasa anajua kwa nini. Mchungaji, ambaye chai yake ilikuwa ya maziwa ya ng'ombe yule yule aliyetibiwa, akaweka kikombe chini taratibu sana. Mama Karimi akaanza kulia kwa sauti. Na mama yangu amesimama katikati na siga tatu mkononi, anageuka huku na huku, anawaambia, "Tulieni, tulieni, mwanangu ataeleza, Kinoti waeleze," na wote waliokuwa wakimsifu walikuwa wameanza kumwangalia kwa jicho lingine. Mmoja alimwuliza wazi, "Mama Kinoti, ulitupatia sumu?"

Hilo swali lilinipiga kuliko yote. Nilimwona mama akifungua mdomo ajibu, akanigeukia, kwa sababu yeye hakuwa na jibu lolote isipokuwa mimi.

"Si dawa," nikasema. Hakuna aliyesikia. Nikapanda juu ya kiti (kiti cha kanisa, na viatu) nikapaaza sauti. "Si dawa! Haijawahi kuwa dawa! Ni siga. Ni tumbaku ya kuvuta. Mimi na hawa wenzangu tulizinunua tuje tuzivute, nikazificha hapa kwa mama, nikamdanganya ni dawa ya ng'ombe. Hawa si madaktari. Huyu ni wakili na huyu ni mwalimu. Mama hakujua lolote, kosa ni langu peke yangu."

Nyaga akavua kofia. Mutegi akatazama viatu vyake. Mzee mmoja aliyekuwa amekaa karibu na lango, aliyekuja kwa sababu ya chai tu, akauliza kwa sauti ya mtu anayetaka kuelewa vizuri, "Kwa hivyo ng'ombe ya Pasta ilivuta?" Na kikaanza kicheko, kwanza huko nyuma, kikaja mbele, mpaka Mchungaji mwenyewe akafunika uso kwa Biblia, mabega yanamtikisika. Ni mama tu na Mama Karimi ambao hawakucheka.

Kwa kuwa ng'ombe wa Mama Karimi bado alikuwa amefura, nilishuka pale kitini nikafanya kitu cha kwanza cha kweli siku hiyo. Niliomba mafuta ya kupikia, nikayatia kwenye chupa, nikamwambia Mutegi amshike ng'ombe pembe na Nyaga amsukume apande kilima kidogo miguu ya mbele iwe juu, nami nikamnywesha, nikaanza kumsugua tumbo kwa ngumi na viganja, nikiwa na suti yangu ya kanisani. Wakili wa Mahakama Kuu anasukuma ng'ombe matakoni na koti la sufu, anauliza, "Hivi? Hivi?" Tulikaa pale muda mrefu, watu wote wametuzunguka, hakuna anayecheka tena. Ghafla ng'ombe akacheua mcheuo mmoja mkubwa, tumbo likaanza kushuka, Mama Karimi akapiga vigelegele, na wakati huo huo nyuma kukafunguka, nami nilikuwa nimeinama mahali pabaya. Hicho ndicho kile kinyesi wanachokisimulia. Kilinipata kuanzia tai mpaka nyusi.

Watu waliondoka mmoja mmoja na ng'ombe wao. Wengi walinipa mkono wa kiwiko. Mchungaji aliniambia tutaongea, akanishika bega mahali palipokuwa pasafi, akaenda zake. Mama alikuwa ameshaingia jikoni, lakini kabla ya kuingia alizirudisha zile siga tatu ndani ya kasha, akamkabidhi Nyaga, akamwambia kwa upole kabisa, "Hizi ni zenu. Mkitaka kuvuta, mvutie nje ya lango." Nyaga na Mutegi wakaenda wakasimama barabarani karibu na gari. Nilipokuwa nikijisafisha bombani moshi ukaanza kuja juu ya ua, na sitadanganya, ulikuwa mtamu ajabu, hata nikiwa nanuka vile niliusikia. Nyaga akaita, "Kinoti, njoo! Njoo uone vile zimekuwa!" Sauti yake ilikuwa ya mtu aliyeona kitu cha ajabu.

Sikwenda. Nilikwenda jikoni.

Mama alikuwa ameketi kwenye kigoda, hapiki kitu, jambo ambalo sijawahi kuliona. Nikasimama mlangoni kama mwanafunzi aliyefukuzwa shule. Sasa tulikuwa wawili tu, tukawa tunaongea Kimeru, kwa sauti ya chini, wala hakuonekana mwenye hasira.

Nikamwuliza kitu ambacho kilikuwa kimenikwama tangu kasha lilipofunguliwa pale mezani. "Mama, wewe uliishi na baba miaka yote hiyo. Hukusikia harufu?"

"Niliisikia," akasema. "Ile siku ya kwanza nilifungua, nilijua ni tumbaku kabla mkono haujagusa. Nikakaa chini hapo ghalani. Halafu nikasema, Kinoti amesema ni dawa, na Kinoti hawezi kunidanganya, basi ni pua yangu imezeeka."

Mimi niliyekuwa na maneno ya kakao na asali ya porini, nililia tu, jamani, nikiwa na mavi ya ng'ombe masikioni, na mama akanivutia kigoda cha pili nikae, hakusema nimekosa wala hakusema amenisamehe, alianza tu kumenya viazi.

Nyaga na Mutegi wanaendelea na Jumamosi zao, nami siwalaumu, siga hazikumkosea mtu. Mimi nimeacha, si kwa sababu nimeokoka kuliko wao bali kwa sababu kila nikifumba macho nionje, ninachokisikia ni ghala la mama na yeye ameketi chini akiilaumu pua yake. Na nimejiwekea nadhiri moja ndogo: nikifika Kiirua, chochote nilicho nacho mkononi nakitaja kwa jina lake halisi langoni, kabla sijaulizwa, hata kama ni sukari tu na majani ya chai. Mama hukipokea kwa mikono miwili kama zamani. Hukiinua kwanza puani, akanusa, ndipo akasema asante.